Kamba ya Kwenda Bombani

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mwanangu Zuhura, bibi mmoja wa Kipemba alinipokonya kopo la udhu kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. Lilikuwa kopo la bati, kama hili langu ulilonichukulia sasa hivi. Usione haya, sikugombezi. Kaa hapa kitandani, adhuhuri bado, nikusimulie kwa nini nimecheka uliponiambia, "Bibi, wewe tulia tu, nitakutawadhisha mimi."

Nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka kwetu Maramba nikaja kufanya kazi ya ulezi katika nyumba hii hii ya wazee, ambamo leo wewe ndiye mlezi na mimi ndiye mlelewa. Mtaani walinisema sana. Walidai nyumba ya wazee ni pahali pa kutupia wazazi, na kwamba msichana aliyefunzwa adabu hapokei mshahara kwa kumwogesha bibi wa watu. Niliwajibu kwamba bibi asiye na mtu naye hutoka jasho, tena anahitaji kuoga kuliko wao wasengenyaji. Ulimi nilikuwa nao tangu zamani, si unanijua.

Bibi yule aliitwa Mwanasha. Ujana wake aliupitisha kwao Pemba, kwenye karafuu na mpunga, mpaka mume alipomleta Tanga. Mume akafa, watoto hawakujaaliwa, ndipo akaletwa hapa. Alikuja anatembea, taratibu, fimbo mkononi. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini kila adhana alikwenda mwenyewe bombani kutawadha na kurudi, na hakupenda kuulizwa kama anahitaji msaada.

Aliangushwa na usafi wetu. Ndiyo, usafi! Unawajua watu wa pwani na wageni wao. Mgeni akisikika yuko njiani, sakafu hupigwa deki mpaka mtu ajione uso. Siku hiyo walitarajiwa wageni wenye kutuletea mchele na sukari. Tukamwaga maji na sabuni tangu vyumbani mpaka barazani, tukaiacha saruji inang'aa na kuteleza, tukakimbilia kubadili kanga. Bibi Mwanasha akatoka na mitalawanda yake, vile viatu vya mti vya kuingilia msalani, akateleza kwenye kizingiti cha bomba. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini nyonga ilivimba akalala siku nyingi.

Msimamizi wetu, Bwana Hemedi, alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Akaamuru Bibi asisimame tena peke yake. Amri ile tuliipokea kwa furaha, maana ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtoto mwenye adabu hamwachi mkubwa abebe hata kikombe. Basi tukamfanyia kila kitu. Tulimpelekea maji kitandani, tukamlisha kwa mkono ilhali mikono yake ni mizima, na fimbo yake tukaiweka juu ya kabati isimtie tamaa. Nyonga ikapona, miguu ikanyong'onyea. Bwana Hemedi alipomwona hivyo, akasema ahamishiwe chumba cha nyuma, cha wazee wasioinuka. Chumba kile kilikuwa na komeo kwa nje, na mchana kutwa lilikuwa limefungwa ili wasitoke wakaanguka.

Habari hizo Bibi alizisikia, na siku ya pili yake ndiyo ilikuwa ile Ijumaa. Nikaingia na beseni na kopo, nikamwambia atulie nimtawadhishe. Akalinyakua.

"N'achia!" alisema. "Mie miguu n'nayo. Mwataka kun'tia chumba cha nyuma n'kafie huko, kisha mwaita adabu!"

"Bibi, tunakuogopea usianguke."

"Mwan'ogopea mie au mwajiogopea nyie? Sakafu mmeirowesha nyie, kufungiwa nifungiwe mie! Heshima si kun'pokonya kopo, mwanangu. Kausha sakafu, nipite."

Nimekaripiwa na wengi katika maisha yangu, wengine kwa haki na wengine kwa kunionea, lakini karipio lile ndilo ninalojivunia kulipata. Nililia. Kisha nikafuta machozi kwa ncha ya kanga nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Hemedi, nikamwambia Bibi anaweza kutembea, ila sisi ndio hatujamtengenezea njia.

"Akianguka tena, nani ataulizwa?" akaniuliza.

"Tutaulizwa sote. Lakini akioza kule nyuma, hapo hatuulizwi?"

Nikadhani nimefukuzwa kazi. Badala yake akanipa muda mpaka Ijumaa ya pili. Bibi akiweza kwenda bombani na kurudi mwenyewe, atabaki chumbani mwake. Akishindwa, anahamia nyuma.

Nilimkimbilia baba yangu Maramba. Baba alikuwa akisokota kamba za katani, na hakuniuliza maswali mengi. Alinipa kamba nene kuliko zote alizokuwa nazo. Tukaikaza ukutani usawa wa kiuno, kutoka mlangoni kwa Bibi mpaka bombani. Kwenye kona nikafunga fundo, na karibu na bomba nikafunga fundo kubwa zaidi, ili mkono umwambie kile ambacho macho hayakioni. Fundi akakivunja kile kizingiti, akaweka saruji mpya na kuikwaruza kwa ufagio ingali mbichi ili ishike nyayo. Mitalawanda niliificha, Bibi akanuna siku nzima, nikamletea katambuga, vile viatu vya mpira wa gari visivyoteleza. Na sisi walezi tukaagana kwamba aliyemwaga maji ndiye atakayekausha, mgeni aje asije. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ulikuwa sakafuni.

Kila siku nilimtembeza. Mwanzo aliishia mlangoni, akarudi kitandani akihema. Kesho yake akafika kwenye fundo la kona, akanisema kwa Kipemba maneno ambayo sitakutajia, kisha akacheka yeye mwenyewe. Ikawa hivyo, haba na haba, huku kila jioni nikilala na wasiwasi kwamba Ijumaa inakuja mbio kuliko miguu yake.

Ikafika. Bwana Hemedi alisimama bombani, na wazee wengine walikuwa wametoa vichwa milangoni kama watu wanaongoja bibi harusi. Bibi Mwanasha akatoka, kamba mkono mmoja, kopo mkono wa pili. Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu kabisa, mikono nimeifumbata mgongoni. Alipofika kati akasita. Nikanyoosha mkono.

"Mkono wako kaa nao," akasema bila kugeuka.

Mwanangu, nimebeba wagonjwa, nimeosha maiti, nimezaa watoto, na bado sijafanya kazi ngumu kama kuurudisha ule mkono. Bibi akapapasa mpaka akalipata fundo la kona. Akavuta pumzi, akaenda. Alitawadha kwa utulivu, hakuharakishwa na mtu. Kisha akageuka, akarudi njia ile ile mpaka mlangoni kwake, Bwana Hemedi akimfuata nyuma.

"Shikamoo, Bibi," Bwana Hemedi akamwamkia, na sauti yake haikuwa ya usimamizi tena.

"Marahaba, mwanangu. Hebu kalitoe lile komeo."

Akalitoa siku ile ile, kwa bisibisi, kwa mkono wake. Kisha akaja kuniuliza kama kwa baba kumebaki kamba. Tuliifikisha mpaka chumba cha nyuma, na walezi wakawa wanakaa humo mchana badala ya komeo. Baadhi ya wazee tuliodhani hawainuki, waliinuka. Bibi Mwanasha aliendelea kwenda bombani mwenyewe hadi maradhi yake ya mwisho, akafia chumbani mwake, mlango wazi.

Najivuna, na sifichi. Siku hizi kamba imeng'olewa, ukutani pana chuma kirefu cha kushikia, choo kina pa kushika kulia na kushoto, na walezi wapya kama wewe hufundishwa kukausha sakafu kabla ya kufundishwa kutandika kitanda. Watu wa nyumba nyingine huja kututazama. Lakini umesikia wazee wa hapa wakiita chuma kile nini? Wanakiita kamba. "Shika kamba, mwenzangu." Nikisikia hivyo nacheka peke yangu, namkumbuka baba na mikono yake iliyochubuka kwa katani. Na magoti yangu yalipoanza kugoma, wanangu walitaka wanichukue Dar, kwenye ngazi na vigae. Nikawaambia nipelekeni kule ambako sakafu naijua. Niliingia humu kwa miguu yangu, na mtaani wanaosema waseme.

Basi shika nasaha yangu, mwanangu. Mzee usimpokonye kazi anayoiweza, hata akiifanya polepole, hata ukiona aibu wageni wanakutazama umesimama. Tazama kwanza njia yake: sakafu, kizingiti, mwanga, kiatu. Kaa karibu naye, mikono yako iwe tayari, lakini isimtangulie. Usimfungie mtu mlango kwa sababu ya hofu yako wewe. Atakayeshindwa kweli, huyo mbebe, na umwombe ruhusa kabla hujamgusa. Leo kwangu, kesho kwako, na mlango utakaoufunga ndio utakaoukuta umefungwa.

Mola akupe macho ya kuona maji sakafuni kabla ya mguu kufika, akupe subira ya kumngoja mwenye hatua fupi, na ukizeeka akujaalie mlezi mwenye adabu ya kukuacha upite.

Amin. Haya, adhana hiyo. Nipe kopo langu.