Ua Jekundu la Makaburini, Nyuma ya Kinyerezi

Mwanangu alizikwa mie nikiwa bado nimelala chumbani kwa mama mkwe, Temeke, maziwa yamejaa na hayana wa kuyanyonya. Kwetu wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko. Wanaume walimfunga sanda, baba yake akampakata ndani ya gari kama anampeleka kliniki, wakaenda naye nyuma ya Kinyerezi kwenye makaburi ya ukoo wao. Aliporudi, mume wangu alikaa pembeni ya kitanda, udongo bado umo kwenye kucha. Akaniambia, "Nimemlaza ubavuni mwa ua jekundu. Ukienda utaliona, huwezi kulikosa."

Arobaini yangu ilipoisha nikaenda, na kweli nikaliona.

Makaburi yale yapo kichakani, na kichaka chenyewe kimebaki kwa sababu ya makaburi. Zamani, kwa maneno ya mama mkwe, msitu ulitoka Pugu ukafika pale bila kukatika. Sasa pande zote ni nyumba, kuta na nguzo za umeme. Lakini nani atashika shoka akakate mti juu ya babu yake? Basi ikabaki ile miti, na chini yake yakabaki mambo ya msituni ambayo kwingine yameshaisha, ua lile likiwemo. Jina lake sijui mpaka leo, kila niliyemuuliza alinitajia lake. Lilikuwa bua tupu lililochomoza kwenye majani makavu, na juu yake mviringo wa nyuzi nyekundu, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Nikisema kichwa cha mtoto mchanga najua ninachokisema.

Nilikuwa naendaga peke yangu, masika na vuli, na katikati pia roho ikinizidi. Ukikaa mahali pamoja namna ile utaona mambo. Mvua za kwanza za vuli zikigusa ardhi, ua linatangulia, majani yanafuata nyuma. Vipepeo wanalijia mchana kutwa. Uwekundu ukiisha yanatoka majani mapana, yanajilia kivuli chake taratibu, na vitunda vikiiva ndege wanavibeba wanavipeleka wanakokujua wao. Kiangazi linaondoka lote, unaweza ukapita juu yake usijue kama pana kitu. Kumbe chini kuna kitunguu kimelala, kimejifunika majani yaliyodondoka mitini, nayo yanaoza polepole na kukishikia unyevu. Vijiti viwili alivyosimika mume wangu, cha kichwani na cha miguuni, vililiwa na mchwa kabla mwaka haujaisha. Ni mchwa hao hao wanaosagia ua lile udongo wake. Sikuwagombeza, maana ua lilikuwepo na mie nilijua mwanangu yuko wapi. Sikupata mwingine baada yake. Nilikuwa nakaa pale namsimulia mambo ya nyumbani, nani kaoa, nani kahama. Siri ya lile ua tulikuwa nayo mie na mume wangu tu. Huyo mtoto watu walishamsahau, nikaona basi angalau pale pawe pangu.

Sasa mama mkwe wangu ni mwanamke wa fagio. Kwake jani likilala uwanjani ni aibu ya nyumba nzima. Jua halijatoka utasikia chelewa za fagio zinakwaruza mchanga, chwa chwa chwa, na wewe uliyelala ujijue mvivu. Kiangazi kimoja majirani wapya wa kule Kinyerezi walianza maneno, eti kichaka kile kinaficha nyoka na vibaka. Mama akaona wanatukanwa wazee wake. Akakusanya wanawake wa ukoo na vijana wenye mapanga, wakaenda. Mie nilikuwa na nguo za harusi za watu, niko kwenye cherehani, sikuwa na habari.

Jioni akanipigia simu kutoka huko huko, furaha imemjaa. "Mkwe, nenda kesho ukaone! Tumewasafishia wenyewe mpaka wanapumua."

Nikaenda. Jamani! Palikuwa peupe kama uwanja wa nyumba ya mtu, mistari ya fagio imepangana mpaka ukutani. Miti midogo yote chini, mikubwa imekatwa matawi, majani wameyachoma, majivu yako lundo lundo. Ardhi imetifuliwa kwa jembe. Makaburi ya watu wazima yana saruji, hayakupotea. Ya watoto yalikuwa yamelala sawasawa na mchanga, na yako mengi. Nikasimama hapa, nikahamia pale, nikajiambia ni hapa, hapana, ni pale karibu na mti, lakini mti gani, na iliyobaki yote imefanana?

Nikampigia mume wangu, alikuwa njiani na lori. Nikamwambia akumbuke. "Mke wangu," akasema, "mie alama niliyoshika ni lile ua tu."

Nikarudi Temeke nimefura. Nilimkuta mama jikoni, hata shikamoo sikumpa. Nikamwambia, "Mama, mmemfagia mwanangu!" Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikamweleza. Akauliza lilikuwa ua la namna gani, nikamwambia, akashika mdomo. "Kulikuwa na vitunguu vya porini," akasema. "Vinawasha mikono. Tulivipiga majembe tukavitupa huko na huko." Akakaa chini hapo hapo sakafuni. Nilitaka kumchukia, wallahi nilitaka sana. Lakini alikuwa anamlilia mjukuu wake, na miaka yote ile sikuwahi kumwona akimlilia.

Mvua za vuli ziliposhuka aling'ang'ania twende wote. Magoti yake mabovu, nikamshika mkono mpaka ndani. Maua yalikuwa mawili. Moja lilikuwa limechomoza karibu na mlango wa makaburi, dogo, limepauka kwa jua. La pili lilikuwa mwisho kabisa, chini ya ukuta wa jirani, palipobaki kivuli kidogo. Jembe lilikuwa limekigawa kitunguu kile, au vilikuwa viwili tangu mwanzo, au lile la mwanangu lilikufa na haya ni mengine kabisa. Nitajuaje?

Mama aliliona la karibu tu, macho yake hayafiki mbali. "Hili hapa! Mkwe, si ndiyo hili?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama, ndiyo hilo."

Akapiga magoti kwa tabu, akafungua chupa ya maji, akamwagia taratibu pale chini. "Nisamehe mjukuu wangu," akawa anasema, "bibi yako hakujua." Nilimshika bega asianguke, na macho yangu yakawa kule ukutani.