Dubu wa Mholanzi

Massanti amewahi kuwa na dubu kumi na tisa, na aliowapiga kwa mkono wake hawafiki hata saba. Huku kwetu, kwenye mdomo wa ghuba, dubu si wa aliyempiga risasi. Ni wa aliyemwona kwanza, akasema kwa sauti, watu wakasikia. Ukimwona wewe akampiga mwingine, ngozi ni yako, jina ni lako, na kahawa ya sherehe inanywewa nyumbani kwako. Massanti alikuwa na macho ya kuonewa wivu. Wenzake wakiwa bado wanafuta miwani, yeye keshaona kidoa cha rangi ya siagi juu ya barafu, maili tatu mbele, na keshakitamka.

Siku hizi macho hayo yameajiriwa. Sledi yake ya kuvutwa na mbwa ilipinduka miaka mitatu iliyopita ikamvunja nyonga, na mbwa hawamsubiri mtu anayechechemea. Basi kila kiangazi anapanda meli ya watalii, ile ya kuwaleta watu wa mbali kuja kuangalia wanyama wa barafuni. Anakaa kwenye chumba cha usukani na darubini, toka asubuhi. Akisema "kule," meli inapunguza mwendo, kipaza sauti kinanguruma, na wageni wanamiminika sitahani na makoti mekundu, wote sare kama watoto wa shule. Ubaoni panaandikwa: dubu mmoja, saa nne na dakika kumi. Jina la aliyemwona haliandikwi. Mwanzoni lilimuuma sana hilo, baadaye akazoea kuumwa.

Halafu ikaja ile barua ya serikali. Kwamba mwindaji wa kazi ni yule anayeishi kwa kuwinda, na kwa kuwa Massanti sasa anaishi kwa meli, leseni yake imefutwa. Bila leseni hiyo huruhusiwi kumpiga dubu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Jamani, mtu amewinda miaka arobaini, leo anaambiwa na karatasi kwamba si mwindaji.

Aliyebaki na leseni kwenye nyumba hiyo ni Bolethe, binti yake, mwanamke pekee kijijini mwenye nayo. Sili amepiga wasiohesabika, nyangumi wa pembe amepiga, lakini dubu hajawahi kuwa na wake hata mmoja. Na wanaume wetu, ukiwapa nafasi ya kijembe, hawalali njaa. Gedion, binamu yake na mwenzake wa botini, alikuwa akisema mbele za watu kwamba Bolethe atapata dubu siku dubu atakapokuja kubisha hodi. Watu wanacheka, Bolethe naye anacheka, Massanti anaangalia pembeni. Kitu kimoja tu alikuwa akikitaka kabla hajaingia kaburini: dubu mwenye jina la Bolethe. Na mwaka ule mgao wa kijiji, idadi ya dubu inayoruhusiwa na serikali, ulibakiza dubu mmoja, na zilibaki siku mbili msimu wa kuwinda ufungwe.

Kwenye meli kiongozi wa safari ni Runar, Mnorwe, kijana wa heshima zake ila sheria zake hazina mlango wa nyuma. Ukiona dubu, sema papo hapo. Na habari ya dubu isiwafikie watu wa nchi kavu, asije akauawa mbele ya wageni. Massanti alizitia sahihi zote mbili.

Asubuhi hiyo, wageni wakiwa ndio wanamalizia chai, akamwona. Dume kubwa, chini ya rasi, kwenye kokoto, linatafuna mzoga wa sili. Massanti akafungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba nyuma ya rasi hiyo hiyo pana ghuba ndogo, na ufukweni mwake Bolethe na Gedion wamepiga hema tangu jana. Alimsikia binti yake mwenyewe kwenye redio akiwaaga watu wa nyumbani. Mdomo akaufunga. Dubu akishiba atazunguka rasi, Bolethe atamwona, atamtamka, na yatakuwa yameisha.

Akaigeuzia darubini upande wa pili wa ghuba, akajifanya anatazama mawimbi. Tangu azaliwe hajawahi kumwona dubu akanyamaza, na aliona aibu kana kwamba ameiba kanisani. Lakini akavumilia. Dakika moja, mbili, tano.

Aliyemwona wa pili hakuwa mtu wa usukanini. Alikuwa mama mmoja wa Kiholanzi, Liesbeth, daktari wa meno mstaafu, ambaye wiki nzima alikuwa akimletea Massanti biskuti za tangawizi. Alipiga ukelele sitahani mpaka kikombe kikamponyoka. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa na ndoto ya kumwona dubu, na akafa hajamwona. Sasa mama wa watu analia na kucheka kwa pamoja. Huwezi kumchukia. Runar akamkumbatia, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba dubu huyu ameonwa kwanza na mama Liesbeth. Watu wakapiga makofi. Akarudi ndani akamgonga Massanti begani: "Mzee, leo umepigwa bao na daktari wa meno."

Boti za mpira zikateremshwa. Dubu akainua pua, akazisikia injini, akauacha mzoga wake na kuikata rasi kwa haraka. Meli ikafuata taratibu. Kabla haijamaliza kuzunguka, zikasikika risasi mbili.

Walipotokea upande wa pili, dubu alikuwa amelala kwenye kokoto na Bolethe amesimama pembeni yake na bunduki. Sitahani vilio vikaanza. Mzee mmoja mwenye kamera ndefu akasema hawa ni washenzi, akasema kwa sauti ili Massanti asikie. Massanti alisikia, wala hakujali. Moyoni alikuwa anacheza ngoma. Amepiga! Mwanangu amepiga!

Hapo redio ikaita. Bolethe alikuwa anasema Kidenishi, si lugha yetu, na alifanya makusudi, ili watu wa meli nao waelewe. Kijijini kila nyumba redio iko wazi kutwa kucha kando ya birika, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Meli, hapa ni Bolethe, binti wa Massanti. Nimempiga dubu. Alikuja akitokea upande wenu. Nauliza watu wote wakisikia: nani alimwona kwanza?"

Runar akageuka, uso umemwiva. Kidenishi anakielewa vizuri tu.

"Baba," redio ikasema tena, na sauti ilikuwa inatabasamu. "Ni wewe?"

"Mzee Massanti," Runar akauliza polepole, "ulimwona ukanyamaza?"

Hapo ndipo mtu anapojijua. Akisema ndiye, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, na meli haitatia nanga tena kijijini petu. Akisema siye, dubu si wake. Na wa Bolethe pia hawezi kuwa, kwa sababu meli nzima imeshatangaziwa jina la aliyemwona. Alitazama mkono wake umeshika redio. Nyonga ilikuwa inamuuma. Aliogopa, hilo ndilo neno, aliogopa kama mtu yeyote anavyoogopa.

"Si mimi," akasema. "Ni mama mmoja wa Kiholanzi."

Kisha Bolethe akasema, "Rudia, baba." Na Massanti akarudia, neno kwa neno.

"Basi ni wake," akasema Bolethe.

Wengine wangeishia hapo. Bolethe si wa kuishia hapo, kalelewa na Massanti. Alikuja na boti hadi ubavuni mwa meli, damu hata haijakauka mikononi, akaomba aitiwe mwenye dubu. Liesbeth akasogezwa kwenye ukingo, macho yamemvimba. Na nani wa kutafsiri? Massanti. Akamweleza yule mama, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba ngozi ni yake, kwamba binti huyu ameleta heshima. Liesbeth akatikisa kichwa.

"Mwambie siitaki. Mimi nilimtaka akiwa hai."

"Hataki," Massanti akasema kwa lugha yetu, akiangalia maji.

"Mwambie ni wake, atake asitake," akajibu Bolethe, akawasha injini. Hakumtazama baba yake hata mara moja.

Runar hakumfukuza mtu. Alimwombea Massanti msamaha kwa wageni, akamsifu kwa ukweli wake. Sifa hiyo ilimkaa kooni mpaka mwisho wa msimu.

Aliporudi nyumbani barafu ilikuwa imeanza kushika. Nyama ilikuwa imeshaliwa, kila nyumba ilipata fungu lake, na kwake lilikuwa limewekwa fungu dogo la mwisho, la mtu aliyechelewa kufika. Kahawa haikunywewa popote, maana mwenye dubu hakuwepo. Ngozi ilikuwa imetandazwa kwenye fremu nje ya nyumba ya Bolethe. Hakuna aliyeigusa kwa kuikwangua wala kuiuza. Gedion, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na kijembe, alimwambia kwamba Bolethe kakataa katakata: si mali yake.

Massanti akaingia ndani bila kuvua koti. Bolethe alikuwa anakoroga sufuria ya nyama ya sili.

"Nilimwona mimi," akasema. "Kabla ya wote. Nilinyamaza ili awe wako."

Bolethe aliendelea kukoroga.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Dubu apite mbele ya macho yako usimwone? Niliuliza ili awe wako. Leseni wamekunyang'anya, baba. Njia ya wewe kupata dubu tena ilikuwa hiyo moja. Nilikufungulia mbele ya watu wote."

Massanti akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Baadaye akasema wanaweza kwenda pamoja, nyumba kwa nyumba, akawaambia watu ukweli.

"Umeshasema, baba. Mara mbili. Kijiji kizima kimesikia."

Akampakulia chakula, kwa sababu ni baba yake, na wakala.

Ngozi ilikaa nje majira yote ya baridi. Theluji iliifunika, upepo ukaifunua, mbwa wakatafuna pembe moja hadi wakaichoka. Watu wakielekezana njia walikuwa wanasema, pita pale kwenye ile ya Mholanzi. Massanti alizoea kuzunguka kwa nyuma, ingawa kwa nyonga yake kule ni mbali.

Kiangazi kikafika, na pamoja na barua ya kumwita melini ikaja bahasha ya Liesbeth. Ndani mlikuwa na picha: dubu amesimama kwenye kokoto, pua juu, anaisikia meli. Nyuma ameandika kwa mkono mzuri kwamba ametundika nakala yake kubwa sebuleni, kando ya picha ya mumewe, na kwamba anamshukuru Massanti kwa kila kitu. Chini kabisa ameandika: dubu wangu.

Massanti alikaa nayo siku mbili. Ya tatu akampelekea Bolethe, maana hakujua kwingine pa kuipeleka. Bolethe akaisoma mbele na nyuma. Akachukua nyundo na msumari, akatoka nje, akaipigilia kwenye fremu juu ya ngozi iliyooza.

"Haya," akasema. "Mwenyewe kajitokeza."

Bandarini meli ilikuwa imeshapiga honi mara ya pili. Massanti akafunga zipu ya koti lake jekundu, akateremka kwenda kazini.