Maziwa ya Mama Aliyefiwa

Nimezalisha farasi wa mbio hapa nje ya Johannesburg tangu ujana wangu, lakini asubuhi moja bado hunitetemesha. Farasi mmoja alikufa akizaa; mwenzake alizaa mtoto mfu. Tulimpaka yatima maji ya kondo la huyo aliyefiwa ili anuke kama mwanawe, nikamsogeza kwake anyonye. Jike akalaza masikio, akainua mguu.

"Mama, toka, atakupiga!" alisema mtunza farasi wangu, mtu wa Bukavu, aliyeshika kamba.

Sikutoka. Nilimkinga mtoto kwa mwili wangu. Jike akamnusa, akakoroma, akamnusa tena. Mguu ukashuka polepole. Nilipomsikia mtoto akinyonya, nilikaa kwenye majani makavu nikalia.

"Amemukubali," akasema yule bwana.

Mtoto alikua, hakushinda mbio hata moja. Sikumuuza.