Fundi Silvesta Katika Mkanda wa Benki

Jumapili, tarehe kumi na sita Novemba. Mvua ilianza wakati wa sadaka, na saa tisa alasiri ilikuwa bado haijachoka. Barabara ya Kabanga imegeuka uji mwekundu. Umeme ulipokatika jirani akawasha jenereta. Moshi wake ukaingia dirishani pamoja na harufu ya udongo uliolowa, nami nikajiona nina miaka kumi, nimekaa chini kwenye banda la video kule kwetu Rungwe Mpya. Wanangu walikuwa wameinamia simu wakiangalia filamu ya watu wanaovunja benki. Pembeni yao alikaa dada Domitila, jirani yetu wa utotoni, aliyekuja kumwona mgonjwa hospitali akazuiliwa na mvua. Kuna neno sijapata kumwambia huyu dada tangu utotoni, nalo lilikaribia kumharibia ndoa. Naliandika hapa, ingawa sina hakika kama nitaliandika sawasawa, maana shule yangu iliishia la saba, na kumbukumbu ya mtu hupenda kumpendelea mwenyewe.

Mwaka ule maharage yalikubali sana, na watu walikuwa na furaha ya kwenda video. Banda lilikuwa la miti na maturubai, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani mlinuka petroli, jasho na mahindi ya kuchoma. Tuliingia Jumapili baada ya ibada, bado na nguo za kanisani. Mkanda wenyewe ulisema Kizungu, lakini hatukuujali, kwa sababu tulikuwa na Dile. Dile alikaa kwenye kiti kirefu kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitutafsiria kila kitu. Sijui Kizungu chake kilifika wapi. Mama yangu alisema kiliishia mlangoni kwa mwalimu. Ila alijua kututia ndani ya mkanda. Wezi na polisi wa Ulaya aliwapa majina ya watu wa kijijini, stelingi, yule shujaa wa mkanda, akawa mwenyekiti wetu, adui akawa mpima pamba, na sisi tulicheka mpaka magunia yanatikisika. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na kutajwa na Dile watu wengi waliona ni heshima.

Siku hiyo mkanda ulianza na maandishi meupe. Dile akasoma kwa sauti ya katekista: "Wazee, tulieni! Hii siyo ya kutunga. Imetokea kweli!" Watu wanne wakaingia benki kwa kupitia chini, na mmoja, mtu mpole mwenye kofia, akaegesha sikio kwenye mlango wa sefu. Dile akapiga kelele: "Huyu sasa ni fundi Silvesta! Anaisikiliza sefu kama alivyosikiliza kufuli la mama mchungaji! Harakisha, fundi, polisi hao!" Banda likalipuka. Fundi Silvesta alikuwa jirani yetu, baba yake Domitila, mtengeneza baiskeli, na mtu akipoteza ufunguo yeye ndiye aliyemfungulia kufuli. Alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, na maisha yake ya kule hakuyasimulia. Mwisho wa mkanda wezi watatu walikamatwa. Yule mwenye kofia alitoroka, na maandishi yakasema hajapatikana mpaka leo.

Asubuhi yake kisimani nilisema, "Mmejua kwamba fundi Silvesta aliiba benki?"

"Wee Anastazia, acha uzushi," akasema binti mmoja mkubwa. "Yule wa jana si Mzungu?"

"Yule anaigiza tu. Wenye video huweka mtu mwingine aigize. Mwenyewe mwenye kisa si ndiye hajapatikana? Unafikiri atajificha wapi?"

Wakanyamaza, ndoo zikafurika. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale, na hakuna siku nyingine waliyowahi kuninyamazia hivyo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikiamini nilichosema. Nataka kuandika kwamba niliamini, nilikuwa mtoto. Lakini nakumbuka pia nilivyorudi na ndoo kichwani nikitembea kama bibi harusi.

Maneno hayo hayakulala kisimani. Wiki haikwisha, nikasikia watu wazima wakiulizana mbona mtu anafungua kufuli bila ufunguo, mbona hasimulii kwao. Ukibisha wanakujibu lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wakaanza kuvunja makufuli yao kwa mawe kuliko kumwita fundi. Yeye hakuelewa. Aliendelea kukaa barazani kwake na pampu yake, akisalimia wapita njia.

Ndipo wakaja wajomba watatu wa mchumba wa Domitila, kutoka Kagerankanda, kumaliza mambo ya posa. Mama alinituma nipeleke vigoda, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Fundi Silvesta alitoa chungu cha pombe ya mtama, akakiweka katikati na mirija minne. Kwetu wote, Waha na watu wa Burundi, mwafaka wa posa unanywewa chungu kimoja; asiyegusa mrija amekataa, hata kama mdomo wake unasifu. Mkubwa wao akasema, "Baba, utusamehe, leo tumbo linanisumbua." Wa pili naye, tumbo. Wa tatu akashika tumbo kabla hajaulizwa. Fundi Silvesta akainama, akanywa peke yake, polepole, kama mtu anayetaka kuwaonyesha kwamba haina sumu. Domitila alikuwa nyuma ya nyumba amesimama na kata ya maji. Aliniuliza, "Wamekunywa?" Nikasema, "Sijui, dada." Nilijua.

Mama alipochunguza akaambiwa chanzo ni Dile, akaenda na katekista kumkabili. Mimi nilikuwa nyuma ya sketi yake, nikingoja kutajwa. Dile alishangaa. "Mama Anastazia, mimi naweka majina ili watu wacheke. Nani kasema yule ni fundi kweli kweli?" Hakuna aliyejua nani, na mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Lazima nimtendee haki: kesho yake alipanda baiskeli, akaenda mpaka Kagerankanda, akawaeleza wale wajomba mbele ya wazee wao kwamba uongo ni wake. Alibeba na wangu bila kujua. Wajomba walirudi baada ya mavuno na wakanywa. Domitila akaolewa. Lakini fundi Silvesta hakumsalimia tena Dile. Banda likakosa watu, mwaka uliofuata Dile akahamia Kibondo, na sijamwona tena.

Leo filamu ya wanangu nayo ilianza na maneno hayohayo, kwamba imetokana na tukio la kweli. Mdogo akauliza, "Mama, kwa hiyo huyu mwizi yupo?" Zamani tulikuwa na Dile mmoja, na ungeweza kumpelekea katekista nyumbani. Sasa sauti inatoka kwenye simu, na aliyetajwa humo, kama ana binti wa kuposwa, hana pa kuulizia. Nikamwambia mtoto sijui. Kisha nikamgeukia Domitila, nikamwambia yote: kisima, ndoo, na ile "sijui, dada".

Hakucheka kama nilivyotumaini. "Baba amekufa akimchukia Dile," akasema. "Hata padri alimwomba amsamehe, akakataa. Alisema mtu aliyemkosea hata hakuwa na sababu."

"Nilikuwa na miaka kumi, dada."

"Ego, ndiyo. Lakini kesho yake ulikuwa na kumi na moja, mdogo wangu, na kesho yake ishirini."

Niliinuka nikaenda jikoni. Wakati nachochea moto nilimsikia akimuuliza mwanangu kama kwenye simu mtu wa Kibondo anaweza kutafutwa kwa jina tu. Mvua ilikatika wakati wa magharibi, lakini hakuondoka. Usiku tulikula ugali wa muhogo na samaki, migebuka kwa mawese. Domitila aliomba aongezewe mchuzi.