Kavira Aliponiita Kutoka Beni

Iko siku moja ninayoikumbuka kwa baridi yake, Mwanangu, kuliko kwa tarehe yake. Nilikuwa juu ya kilele kimoja cha Masereka, nimevaa triko mbili za sufu na kitenge juu yake, mbele yangu redio, betri ya gari na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Nilikuwa msichana wa umri wa kuolewa, lakini kuolewa sikukutaka. Nilitaka kushinda. Na kuliko kushinda, nilitaka Kavira ashindwe. Nilidhani hayo mawili ni kitu kimoja.

Nakusimulia haya kwa sababu ya mjukuu wangu Soki. Wiki iliyopita, hapa nyumbani Butembo, matokeo ya mashindano ya redio yalimfikia kwenye simu, akajikuta wa pili nyuma ya msichana mmoja wa Beni. Simu akaitupa kitandani. Chakula akakikataa, nami nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya mawese, na sombe yangu si ya kukataliwa. Kisha akasema neno lililonitoa jikoni na mwiko mkononi: eti mashindano yajayo, akimsikia yule msichana anamwita, atanyamaza kimya. Nikamwambia akae chini. Niliyomwambia yeye nakupa na wewe, maana ugonjwa huu hauna nyumba usiyoipigia hodi.

Kwanza uuelewe mchezo wenyewe. Redio za VHF si kama zile foni, redio za misheni zilizosikika mbali hadi mtu akashangaa. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, na mlima ukisimama katikati yanaishia hapo. Ndiyo maana washindani hupanda vilimani na antena zao. Mmoja anaita, anayemsikia anamjibu, wanapeana majina yao ya hewani na namba, na kila mmoja anaandika. Pointi hupimwa kwa umbali ulio kati yao, nao wote wawili wanapata sawasawa. Lakini upande mmoja usipojibu, upande wa pili nao haupati kitu. Shika hilo vizuri, tutalirudia.

Aliyetufundisha alikuwa Papa Kakule, fundi wa foni za maparokia na za wafanyabiashara, mwenye karakana yake hapa mjini. Alimfundisha yeyote mwenye subira. Mimi nilitangulia. Kavira akaja nyuma yangu, mdogo kwa umri, akiniita Yaya kama dada yake mkubwa. Nami ni Masika, na kwetu Wanande Masika ni binti wa kwanza. Tangu utotoni nilizoea kuwa wa kwanza: wa kwanza kupakuliwa, wa kwanza kutumwa, hata wa kwanza kuchapwa. Kumwona huyu mdogo akinipita lilikuwa jambo ambalo tumbo langu halikuweza kulisaga.

Na alinipita, nisikufiche. Akishika chuma cha kulehemu, waya zilimtii. Halafu ile sauti yake. Yangu mimi inakwaruza. Hata nikisali mtu hudhani nagombana na Mungu. Ya Kavira ilikuwa laini na safi, na tukiita kwa pamoja, wanaume wa kila kilima walimjibu yeye kwanza, kisha mimi, kama watu waliokumbuka adabu wakiwa tayari mlangoni. Papa Kakule alimwita "mutoto yangu". Mimi aliniita Masika. Usicheke, Mwanangu. Mwenye wivu huhesabu hata majina anayoitwa jirani.

Mwaka ule macho ya Papa Kakule yalikuwa yameanza kufifia. Akatangaza kwamba atakayeshinda atachukua redio yake mwenyewe, pamoja na mlingoti wa antena aliouunda kwa mikono yake. Wakati huo simu za mkononi hazikuwapo huku kwetu. Mwenye redio njema alikuwa na kazi na heshima, na watu walimjia mlangoni kutuma salamu za vifo na za harusi. Niliitaka redio ile kuliko nilivyomtaka mume, na wachumba hawakukosekana.

Alipotugawia vilima, mimi alinipa Masereka, mahali pa juu ambapo unasikia kaskazini na kusini. Kavira akapewa Beni, chini, kwenye joto na mabonde. Kila mtu alisema nimependelewa. Nami ningelipokea pendeleo hilo kwa shukrani, kama mzee asingeongeza neno moja. Alisema, "Kavira anaweza kutumika hata mu shimo." Basi! Yaani yeye hufanya kazi popote, mimi sharti nibebwe: mlima wote wa Masereka ukawa matusi. Njia nzima ya kupanda nililitafuna neno hilo, na mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, aliyenisukumia betri alipoulizia habari zangu nilimjibu vibaya bila kosa lolote.

Siku ya mashindano, asubuhi ilikwenda vizuri. Lubero niliwapata wote, Butembo karibu wote. Mbusa wa Alimbongo, kijana mkulima wa viazi mwenye sauti nzito, nilimpata mapema, tukaandikiana. Nilikuwa nimechangamka. Mwenye chukudu alishateremka kutafuta kasikisi yake, pombe ya ndizi, nikabaki peke yangu na ukungu.

Mchana hewa ikatulia. Ndipo nikamsikia, chini kabisa ya kelele za redio, sauti nyembamba iliyokuja na kupotea.

"Masereka, Masereka, Beni anakuita. Yaya, unanisikia?"

Neno Yaya halikuwa la mashindano. Aliliongeza yeye mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifyatuo cha kipaza sauti, nao ukabaki pale. Nikawaza: yuko shimoni, hakuna kilima kingine kinachomsikia, ananihitaji. Kavira ananihitaji! Sijui kama nimewahi kuonja kitu kitamu namna ile. Sheria niliijua, nilijua pointi ni za wote wawili. Lakini wivu hauhesabu hivyo, uliona zake tu. Nikaondoa mkono.

Akaita tena, akapumzika, akaita. Nikainuka nikaugeuza mlingoti, antena ikatazama Lubero, ambako nilikwisha kuwapata wote waliokuwako. Bado nilimsikia, kwa mbali. Nikachukua kiazi kikapuni, nikala nikimsikiliza rafiki yangu akiniita. Kiazi kilikuwa kimepoa, na kilikuwa kitamu, Mwanangu. Wakubwa hawakuambii kwamba dhambi ina ladha nzuri wakati wa kuila. Baadaye sauti yake ikadhoofika, ikakatika.

Jumapili iliyofuata, Wakatoliki tulipotoka misa na Waprotestanti walipotoka ibada, tukakutana karakanani kusikia matokeo. Papa Kakule alisomewa na mtu mwingine kwa sababu ya macho yake, naye akatangaza kuanzia chini kwenda juu. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Kavira. Wa mwisho! Moyo wangu ukacheza. Nilicheza moyoni muda wote majina mengine yakipita, sikuyasikia hata kidogo, mpaka nikasikia langu, na baada ya langu likabaki moja. Mbusa wa Alimbongo alikuwa wa kwanza. Mwenyewe alishtuka, akatazama nyuma kuona kama yuko Mbusa mwingine. Na pengo kati yake na mimi lilikuwa dogo kuliko njia ya kutoka Masereka hadi Beni. Jibu moja lingenitosha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekichimba huku nikila kiazi.

Nikiwa bado nimesimama pale, Kavira akanijia, akanishika mkono.

"Yaya, pole," akasema. "Mupepo ilivunja antene yangu asubuyi. Nikajua mi nimeshapoteza. Nikasema basi nikuite wewe tu, juu ushinde. Nilishika antene na mukono, nikakuita mupaka betri ikaisha. Pengine sauti haikufika."

Aliishika ile antena iliyovunjika kwa mkono wake, mchana kutwa, akiielekeza kwangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti nyembamba. Alikuwa hataki pointi zangu, alikuwa ananipelekea zake. Nikatafuta la kusema, nikasema kwamba ukungu ulikuwa mzito, kama kwamba ukungu huzuia mawimbi.

Papa Kakule alikuwa kwenye kigoda chake nyuma yetu. Macho yalikuwa yanafifia, masikio hayakuwa na shida.

"Masika," akaniita polepole, "antene yako ilikuwa inaangalia wapi?"

Nikasema ilitazama Lubero.

"Na kule Lubero, mchana, nani alikuwa anaita?"

Karakana nzima ilielewa, maana wote pale walikuwa watu wa redio, na mtu wa redio hageuzi antena kuelekea kusiko na mtu. Mzee hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Sasa redio unaitaka juu ya nini? Ya kusema, ao ya kusikia?"

Kavira akauachia mkono wangu. "Ulinisikia," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Redio ya Papa Kakule iliondoka siku ileile juu ya gari la viazi lililokuwa linarudi Alimbongo, imefungwa kwenye blanketi, mlingoti umelazwa kando yake. Nililifuata kwa macho mpaka likapinda. Sikuiona tena.

Sasa, katika masimulizi mengine ningekuambia kwamba nilitubu palepale nikalia na kumkumbatia. La. Nilimchukia zaidi. Mwanzo nilimwonea wivu kwa sauti na mikono yake, sasa nikamwonea wivu hata kwa wema wake. Mtu gani huyo anayekuita mchana kutwa ili akupe ushindi? Nani alimtuma? Msimu mzima wa kupanda maharage sikumsalimia, nikipita upande wa pili wa barabara kama mimi ndiye niliyekosewa. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo hiyo niliivaa hata kanisani.

Mashindano ya mwaka uliofuata, Papa Kakule aliniweka shimoni. Bonde moja hapa Butembo, milima pande zote. Kavira akapewa kilele. Sikubisha, nilijua najibiwa. Niliita asubuhi, kimya. Nikaita tena kwa sauti yangu hii ya kukwaruza, nikaanza kuelewa jinsi mtu anavyojisikia akiita na asijue kama yuko anayemsikia na kunyamaza. Mara ya tatu nikasikia sauti laini inaingia juu ya yangu. Kavira alinijibu kabla sijamaliza kutaja jina langu la hewani. Namba aliyonipa nililazimika kumwomba airudie, kwa sababu nilikuwa nalia na karatasi siioni. Akairudia. Kisha akaongeza lile neno lisilo la mashindano: Yaya.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Tulipatana kwa namna hiyo, mmoja shimoni na mwingine juu, bila hotuba. Kavira aliolewa Beni, yuko huko hadi leo, bibi kama mimi. Papa Kakule tulimzika wote wawili.

Na huyo msichana wa Beni aliyemshinda Soki wangu, unadhani ni mjukuu wa nani? Ndiyo. Bibi yake alimfundisha, kama mimi nilivyomfundisha Soki. Nilipolisikia jina, nami kitu kilinichoma hapa chini ya ziwa la kushoto, kilekile cha Masereka, hakijazeeka hata siku moja. Niliwaza: hata mjukuu wake! Kisha nikacheka peke yangu, nikaenda kumwita Soki.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kuona wivu, maana ningekukataza kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiacha. Wivu utakuja, utakaa kitini bila kukaribishwa. Lakini usiupe kipaza sauti, wala usiuache ukugeuzie antena. Yule unayetaka ashindwe, mara nyingi sehemu ya ushindi wako iko mikononi mwake, na ukimnyima jibu umejinyima wewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani: ukishindwa, shindwa ukiwa umemjibu kila aliyekuita. Uhesabu ya kwako, ya mwenzako mwachie ahesabu mwenyewe. Na ukiwa umekwisha kukosa, kama mimi, usivuke barabara. Salimia. Ni salamu tu, ila kadiri unavyochelewa inazidi kuwa nzito mdomoni.

Soki alinisikiliza mpaka mwisho, akala sombe yake ikiwa imepoa. Hakuniahidi kitu. Ila aliondoka na simu yake, nikamsikia uani anamwuliza mtu wa Beni walitumia antena ya namna gani.

Na wewe Mwanangu, Mungu akupandishe mlima wako, akulinde na mvua na upepo wake. Ukiwa huko juu akupe masikio ya kumsikia aliye shimoni. Na akikuita, umjibu kabla hajamaliza.