Pine ya Tibulesi Ilirudisha Mbuzi za Masika

Muzee Katembo alininusa. Bandugu basomaji, alininusa mbele ya batu bote, sawa vile mutu ananusaka samaki mbele ya kununua. Kisha akageukia batu ya upande wake akasema: "Mufungue zile mbuzi. Tunarudi."

Makosa ni yangu. Nasema hivyo mwanzo, musiseme nakimbia. Mais makosa yangu iko na bazazi, na leo nitabataja kwa majina.

Nilikuwa nimesimama mu lupango, uwanja ya nyumba ya dada yangu Kahindo, kule Beni, kinga, baiskeli yangu, ku bega, uji mweupe umenirukia toka kichwa mupaka viatu. Nilikuwa nanuka kasikisi, ile pombe ya ndizi, sawa mutu alilala ndani ya pipa ya pombe. Ilikuwa siku ya mahari ya Masika, mutoto ya mudogo wangu. Miye njo baba yake mukubwa. Kwetu mbuzi ya mahari haipokelewe kama mukubwa wa upande wa baba hajafungua maneno. Na bale bakwe ni batu ya Kiprotestanti, muzee Katembo mwenyewe ni shemasi. Siku ya kwanza tulipoonana balituomba kitu moja tu: siku ya mahari pombe isionekane. Miye njo nilibapa neno!

Nikasema: "Karibuni, bakwe." Hakuna mutu alikaribia.

Na sikukuwa nimekunywa hata tone! Yoo! Pine ya kinga njo ilikuwa imekunywa.

Leka nirudi nyuma, juu najua hamunielewe.

Miye nauza makayabo, samaki ya chumvi, ku soko hapa Butembo. Masomo yangu iliishia ya tatu primaire. Vita ilitukuta mu mugini yetu, upande wa Beni. Nikatoka na kinga, Masika amefungwa nyuma ku porte-bagage, mutoto mudogo wa kubeba. Baba yake hakutoka. Kisha Ebola ikapita, ikakamata majirani, nikabaki. Nilifikiri hakuna tena kitu ya kunishinda mu hii dunia. Kumbe bado tibulesi!

Sasa niko na kinga ya course, zile nyembamba za mashindano, ilitoka Bulaya ikapitia Kampala. Kila dimanche kisha misa, siye babaume ya quartier tunaendaka nayo upande wa Kirumba, tunarudi. Tulikuwa na sheria yetu: kila mutu anajifunga shambrere moja ya akiba ku kiuno, ile mupira wa ndani wa pine, na moja akitoboka, bote banasimama. Na barabara yetu munaijua. Tulikuwa tunasimama kuliko kutembea.

Njo akakuya mukosaji wa kwanza: Kambale. Tunamuitaka Docta, hata kama hajatibu hata kuku. Analetaka mapièces ya kinga kutoka mupaka wa Kasindi. Akanionyesha video mu simu: muzungu anapiga misumari mu pine, anapanda, anaenda zake akicheka.

"Baba Mukubwa, hii inaitwa tibulesi," akasema. "Shambrere hakuna. Ndani unatia maziwa fulani ya dawa. Musumari ikiingia, maziwa inaziba yenyewe. Weye unaendelea tu."

"Na ku barabara yetu?"

"Hasa ku barabara yetu! Mutu alikimbia vita, anasimama tena mu poli, anainama, anatia mugongo ku majani juu ya kubandika shambrere? Unatafuta nini?"

Ile neno iliniingia. Batu ya huku munajua: kuna fasi ku barabara yetu mutu hapendake kusimama hata kama mukojo unamubana. Ule kijana aliuza woga yangu mwenyewe kwangu, na nikashukuru! Nikasema wasingya!

Mukosaji wa pili ni Paluku, mushonaji wa nguo, rafiki yangu. Akanipiga ku bega: "Ndeko, Butembo muzima utakuwa weye wa kwanza! Batakuita Excellence!" Kichwa ikanivimba. Na yeye mwenyewe Paluku? Shambrere yake iko ku kiuno mupaka leo!

Pompi ya mukono haikuweza kukalisha zile pine nilinunua kwa Docta. Tukaenda kwa kwado, ule anazibaka mapine ya malori, akafungulia hewa ya machine. Pa! Pine ikakamata janti, ule muzunguko wa chuma. Batu bakapiga makofi. Na miye, mujinga wa kupigiwa makofi, nikakamata shambrere zangu zote za zamani, nikazikata mikanda-mikanda pale pale, za kufungia makayabo na kuku.

Muke wangu akasema: "Baba, ubakishe hata moja."

Nikamujibu: "Nani anavaaka kandambili ndani ya viatu?"

Angenipiga na kile kiatu, leo hamungekuwa munasoma hii.

Kisha hapo, kiburi! Benzangu bakitoboka, miye hapana kusimama tena. Nilikuwa nabapungia mukono. Ile sheria yetu ya kungojeana, ile ilituchunga miaka yote, niliivunja sababu ya maziwa. Bakawa bananipigia kelele nyuma: "Excellence anapita! Mumutolee kofia!" Nikafikiri ni heshima.

Docta hakuniambia kama ile maziwa inakaukaka! Karibu na mahari, pine ya nyuma ikaanza kulegea. Nikamupigia simu.

"Maziwa imekwisha, Baba Mukubwa. Camion iko ku douane hapa Kasindi," akanijibu. "Mais usihangaike. Tia uji wa muhogo, ile banabandikaka nayo matangazo ku ukuta. Kazi ni moja. Miye mwenyewe njo naweka."

Njo anaweka! Docta anapandaka moto, pikipiki! Toka nimujue sijamuona ku kinga!

Bon. Sasa nasema kitu yenye hata muke wangu hajue. Atasoma hapa, na atanihukumu.

Nilipika uji. Ulikuwa muzito, haukutaka kupita ku kale katundu kadogo ka valve. Nikatafuta maji ya kuulegeza. Robinet ilikuwa kavu ile siku, bidoni za maji zote bule. Ilikuwa tu bidoni moja chini ya meza, na ndani kasikisi ilibakia ku sikukuu ya komunyo kwa jirani. Nikajiambia: hii nayo si maji ya ndizi tu? Nikachanganya. Ikapita vizuri, même nilipiga mluzi! Kisha nikatundika ile gurudumu mu jikoni, karibu ya mbabula ya makaa, ikauke vizuri.

Oh, Nyamuhanga, Mungu wetu!

Kila asubui nilikuwa naifinya. Kila asubui ilikuwa inazidi ugumu. Bila kupompa! Nikamuita Paluku.

"Ona hii kitu. Inajipompa yenyewe!"

Paluku akafinya, akatoa macho. "Bazungu! Bale batu banajua bintu, ndeko!"

Babaume bawili, na ndevu zetu, tulisimama pale tukisifu pine. Hakuna hata moja aliuliza ile hewa inatoka wapi. Na bibi zetu banapika kasikisi toka tunazaliwa! Mutoto yeyote wa huku anajua ukiifunga ngubu mu bidoni na ukatia mu joto, kifuniko kinaruka!

Siku ya mahari, muke wangu akapanda taxi na bitenge na masahani. "Panda, Baba. Nafasi iko."

"Hapana. Leo Beni itaniona."

Beni iliniona kweli.

Ku mutelemuko wa Kabasha jua ilikuwa inawaka. Nilikuwa nashuka, nakamata frein, janti inapata moto. Nilikuwa nasema mu roho maneno nitasema mbele ya bakwe, vile nitamutaja mudogo wangu, vile nitasema Masika hakukosa baba.

PAA!

Batu ya mu mashamba bakalala chini bote. Bote! Mama moja alijitupa juu ya mutoto wake. Miye mwenyewe, mwenye pine, nililala mu mutaro na mikono ku kichwa, nikingojea ya pili. Tulilala vile, kila mutu na vita yake, mupaka ile mama akanyanyua kichwa, akaona miye natiririka uji.

"Muzee! Ni weye bomu?"

Akanitukana vile mutu anatukanaka mwizi, na alikuwa na haki. Nilibakimbiza batu benye bamekimbia ya kutosha.

Chini ya mulima kulikuwa kwado. Shambrere alikuwa nazo, mais zote za valve munene. Tundu ya janti yangu ni ndogo, haikubali. Zenye zingeingia nilikuwa nimefungia kuku. Nikapandisha kinga ku moto-taxi, ule motari akavuta hewa na pua, akasema: "Papa, utajishikilia? Balevi banaangukaka, kisha banasema ni miye."

Njo vile nilifika. Bakwe bamechoka kungojea, mbuzi zimefungwa ku muembe, Masika amevaa vizuri, anaangalia ku mulango.

"Baba Mukubwa umekunywa," muzee Katembo akasema. Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali.

"Hapana, mukwe! Ni pine!"

"Pine?"

"Pine njo ilikunywa!"

Bijana bakapasuka na kicheko. Dada Kahindo akajifunika uso na kitambaa. Muzee Katembo hakucheka.

"Tulikuya kuomba binti kwa batu benye neno yao ni neno," akasema. "Mulevi namuhurumia. Mais mulevi anasingizia kinga?"

Bakafungua mbuzi. Zikapita mbele yangu moja moja, na moja ikasimama kulamba uji ku suruali yangu. Hata nayo balivuta kamba.

Masika alinikaribia, akatoa kidonge cha uji wa muhogo ku sikio yangu na kidole. "Baba Mukubwa," akasema, "si ungepanda tu taxi?"

Hiyo tu. Toka siku ile hanipigie simu. Nilitoka na ule mutoto mu masasi ya vita, namutia mu mikono ya aibu sababu ya pine!

Kijana Mbusa, mwenye kumuchumbia, bado anamutaka. Anaandikaka kila siku. Mais baba yake, muzee Katembo, amesema hivi: atarudi na mbuzi zake siku mutu mwingine, hapana miye, atamufasiria ile harufu. Mulevi hawezi kujitolea ushuhuda. Muke wangu hawezi, alikuwa ndani ya taxi. Nikaenda kwa Paluku. Akaniambia bila haya, uzi mu meno: "Ndeko, miye niko fundi wa nguo. Mambo ya mapine siijue." Paluku! Ule alifinya na mukono wake mwenyewe!

Benzangu benye kinga, nabaomba. Mutu akikuletea kitu na video, umuulize kwanza yeye anapandaka nini. Mubakishe shambrere. Mukiona mwenzenu ametoboka, musimame. Na siku ya mahari mupande taxi, mukae karibu na bibi yenu, munyamaze.

Sasa weye, Kambale, weye Docta wa bule. Najua uko Kasindi, simu umefunga, mais hii gazeti inafika mupaka ku douane. Kasikisi ilikuwa yangu, nimeshasema mbele ya inchi muzima. Na uji? Nani alisema uji? Nani alisema kazi ni moja?

Panda ile moto yako uende Beni, kwa muzee Katembo. Umuite Masika akae pale asikie. Useme na kinywa chako: "Miye njo nilimufundisha kutia muhogo mu pine, na yeye hakukunywa." Ukimaliza, usinirudishie kitu, zile pine nakuachia.

Mais uende. Ule mutoto hakununua tibulesi. Juu ya nini yeye njo analipa? Jibu, Kambale!