Halbadiri ya Kamera Isiyoibiwa

Mpaka leo mtu akiniuliza, "Ile kamera yenu mliipata?" damu inanichemka. Haikuibiwa! Nimesema hivyo sokoni, nimesema harusini, nimesema mpaka koo limenikauka. Watu wa Msambweni hunitazama kwa huruma, kisha hunijibu, "Haya mama, wewe ndiye uliyesema."

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, kijana wa bara aliyekulia Ukunda. Kazi yetu ilikuwa kupiga video za harusi kule Diani, na tulikuwa tumechoshwa na keki na mabwana harusi wanaochelewa. Tukaamua kutengeneza filamu yetu wenyewe, ya kutisha, inayojifanya si filamu. Vijana wapiga video wanaibiwa kamera, wenyeji wanamsomea mwizi halbadiri, halafu kamera inaokotwa kwenye mikoko ya Bodo, na ndani yake mna picha za mwizi alivyopatikana. Picha zitikisike, sauti zikwaruze, mtazamaji aape kuwa ameona jambo la kweli. Huo ndio uliokuwa ufundi wetu, na tuliringa nao sana.

Sasa, halbadiri kwetu si mchezo. Ni kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana. Wala hakisomwi ghafla. Kwanza hutangazwa mtaani ili aliyechukua arudishe, maana kikishasomwa hakijui jamaa wala rafiki. Kisomo chenyewe niliogopa kukigusa, nimelelewa chuoni mie, kwenye Qurani. Nikasema tutaonyesha chetezo, ubani na midomo inayochezacheza, basi. Nikajiona nina adabu kweli kweli. Tangazo nililiona maneno tu. Nikashika kipaza sauti, mwenzangu akashika kamera, tukapita uchochoro kwa uchochoro: "Majirani, asalaam aleikum! Tumeibiwa kamera. Aliyeichukua airudishe kabla ya Ijumaa, la sivyo itasomwa halbadiri!"

Mwenzangu aliniuliza kama tuwaambie kwanza kuwa ni filamu. Nikamwambia tutawaambia tukimaliza, wakijua mapema nyuso zao zitaharibu picha. Na nyuso zilitoka vizuri, wallahi.

Jumamosi yake, kabla hatujamwambia mtu lolote, kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu aliteleza kwenye mchanga, pikipiki ikamwangukia, mguu ukavunjika. Kijana mpole, hana maneno na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akitubeba na vyombo vyetu kila tulipokwenda kazini. Watu wakajumlisha wenyewe. Nani alikuwa karibu na kamera? Nani kaanguka mara tu Ijumaa ilipopita? Halbadiri imeshika!

Nilitoka mbio kwenda kueleza. Jamani! Kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunisifu. Eti nina sitara, sitaki kumfedhehesha kijana wa watu. Nikaileta kamera yenyewe, nikawawekea mbele ya macho. "Alhamdulillahi," wakasema, "imerudi!" Nilitamani kuibamiza chini.

Yule kijana wa bodaboda, kule hospitalini, alikuwa akipoteza kila kitu. Wenzake stejini walimpa mtu mwingine nafasi yake. Wazee wa mchumba wake, watu wa Jego, wakatuma ujumbe kwamba harusi isubiri kwanza, mpaka ijulikane. Ijulikane nini? Hapakuwa na wizi! Kijana wa watu alikuwa anavuliwa jina lake kwa kitu ambacho usiku na mchana kilikuwa kabatini kwangu.

Nikasema basi, watajionea wenyewe. Tukaimaliza filamu kwa haraka, tukaomba darasa la chekechea, tukaziba madirisha kwa leso, tukawaita watu. Nilisimama mbele nikawaambia waziwazi: hii ni michezo ya kuigiza, mwizi mtakayemwona ni huyu mwenzangu hapa, kafunikwa uso. Wakaitikia kwa adabu. Filamu ikaanza, na pale mwizi alipokatiza mikokoni kwa pikipiki, darasa zima likavuta pumzi.

"Si pikipiki yake ile?"

Ilikuwa yake. Alituazima kabla hajaanguka. Picha ilitikisika, sauti ilikwaruza, kitu kikanguruma mikokoni, wanawake walikuwa wakimtaja Mungu, na mimi nikipiga kelele, "Mngurumo huo ni wangu, nilikuwa nyuma ya mti!" Mzee mmoja akanivuta mkono. "Kaa kitako, mwanangu, usije ukapandisha mashetani." Mwenzangu alikuwa ameshika kichwa. Tulitaka waamini, na waliamini.

Siku chache baadaye kijana mwenyewe alikuja kwangu kwa magongo, mamake nyuma yake.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mzazi wake.

"Marahaba, mwanangu."

Niliwavutia viti, hawakuketi. Kijana akanitazama, akasema, "Dada, nimekuja kukuomba radhi. Sikumbuki kuchukua kitu chenu. Lakini mguu hauungi. Labda shetani alinipitia, nikachukua nikasahau."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. "Hukuchukua! Kamera ilikuwa humu ndani! Wewe mwenyewe unajua hukuchukua!"

"Nilikuwa najua," akasema.

Nikamgeukia mamake nianze upya, filamu, tangazo, kabati. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ndiwe uliyetangaza. Hakuna mwingine wa kumfungua. Tamka tu. Mtoto usiku halali, wala chakula hali."

Nilimtazama yule kijana. Jasho lilikuwa likimtiririka kwa kusimama, na bado alikataa kiti, eti mwenye kosa haketi. Sikuwa na neno jingine la kumpa ambalo angelipokea.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akashusha pumzi, akaketi. Mamake akanibusu mikono yote miwili, akatoka upesi, na nikamsikia mlangoni kwa jirani, sauti imemjaa furaha, akieleza kwamba mwanawe amekiri na amesamehewa.